Tulivyoomba Posada Hadi Mlangoni kwa Mutheu

Nyinyi mliokwenda ushago kwa wazazi Krismasi mmenisumbua kwa simu tangu mliporudi. Kila mmoja amesikia lake. Mmoja kaambiwa tulizunguka Nairobi kwa miguu tukiomba chakula. Mwingine kaambiwa niliwafukuza wanajumuiya wenzetu wa kanisa nyumbani kwangu huku mvua ikinyesha. Hilo la pili ni kweli, wala sijutii. Lakini likisimuliwa peke yake linanifanya nionekane mchawi, kwa hiyo nimekaa chini kuiandika safari yote, kutoka mjini hadi Kangemi. Anayetaka kunisema anisome kwanza.

Neno lenyewe

Mnajua kazi yangu ni ya mapokezi, katika hoteli moja katikati ya mji. Kihispania nilikiokota pale kaunta, neno moja moja, kutoka kwa wageni, kisha Sista mmoja wa Meksiko aliyewahi kuhudumu parokiani kwetu akaninyoosha. Alinifundisha maneno mengi ya safari, lakini lililonikaa moyoni ni moja, posada.

Posada ni nyumba ya kulala wasafiri. Si hoteli yenye lifti kama yetu. Ni nyumba ambayo mwenyewe ndiye anayekufungulia, na sufuria yake unaiona jikoni. Kuomba posada ni kusimama mlangoni umechoka, ukamwambia mtu usiyemjua akupe pa kulala. Kumpa mtu posada ni tendo la huruma, na watu wa Meksiko wamelifundishwa katika katekisimu kama sisi. Wageni wa Meksiko waliniambia kwamba siku hizi hata sherehe ya ofisini ya kufunga mwaka inaitwa posada, yenye bia na muziki wa kupasua masikio. Nilipomweleza Sista, alikunja uso. Kwake yeye posada ni zile jioni za kabla ya Krismasi, watu wanapomtembeza Yosefu na Maria mtaani, wakibisha mlango baada ya mlango na kukataliwa kwa wimbo, hadi wafike nyumba ya mwisho inayowafungulia. Aliniambia kukataliwa ndiyo chumvi yake. Usipokataliwa njiani, mlango wa mwisho hauna ladha.

Basi Desemba hii, nyinyi mlipokuwa mnafunga mizigo, sisi tuliobaki tuliamua kuifanya. Tulikuwa wachache: wasio na nauli, wasio na wa kumtembelea, na wenye zamu kazini kama mimi. Nikatunga maneno ya wimbo kwa Kiswahili, nikachagua nyumba tatu za kukataa. Ikabaki nyumba ya kufungua.

Hapo ndipo Mutheu aliposimama. Mnamfahamu Mutheu, yule mama anayefua nguo za watu mitaani, anayekaa karibu na mlango tukiwa kwenye sala. Alihamia Kangemi kodi ya huku Satellite ilipopanda, lakini hakuiacha jumuiya yetu. Kila wiki huvuka lile bonde lililo kati yetu kwa miguu, anakunywa chai kwa kila mtu, na zamu ya kukaribisha sala ikifika kwake inarukwa. Husemwa ni mbali. Husemwa chumba ni kimoja, tusimtwike mzigo. Yeye hunyamaza.

"Ile nyumba ya kufungua," alisema, "naomba ikuwe yangu."

Hakuna aliyekataa, naye akalichukua hilo kuwa ndiyo. Tukitoka akanishika mkono nje ya geti. Aliniambia ameshawaeleza majirani wa ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, kwamba jumuiya inakuja kwake, na kwamba atapika.

"Mama Mwende, usiniangushe. Mje wote, na mje na njaa."

Nilimwahidi. Kila kitu nilichofanya siku ile, hata kile mnachonisengenyea, nilikifanya kwa sababu ya ahadi hiyo.

Mjini, kwa Bi. Zuhura

Tulianzia nyuma ya hoteli yetu, kwa Bwana Salim, muuza vitambaa. Familia yake ni ya Lamu, nao wanaishi juu ya duka. Nilimwomba atukatalie kwa sababu ni rafiki yangu na kwa sababu ana sauti nzito. Alicheka, akakubali. Nilimfundisha kama ninavyowafundisha wasichana wapya pale mapokezi: unasikitika, unasema tumejaa, hutoi matumaini, humwangalii mtu miguuni ukaona alivyochoka. Kuwakataa watu kwa heshima ndiyo kazi inayonilisha.

Siku yenyewe asubuhi tukapanda ngazi. Mbele alikuwa Musyoka, fundi seremala, ambaye ndiye Yosefu wetu, na fimbo aliyoichonga mwenyewe. Maria wetu alikuwa Susu Kalekye. Ndiyo, Susu, nyanya yetu sote, na mvi zake zote. Wasichana wote walikuwa ushago, naye alisema kama Elisabeti alizaa uzeeni, yeye hashindwi kutembea. Tukapiga hodi, tukaimba ubeti wa kwanza. Bwana Salim akakohoa ndani, akaanza vizuri kabisa kwamba nyumba imejaa, twende mbele.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama yake, Bi. Zuhura, na buibui lake, amemsukuma mwanawe kando.

"Huyu ndiye Bi Maryamu?" aliuliza, akimwangalia Susu.

Nikamwambia ndiye, lakini ni mchezo tu wa dini yetu, na sasa zamu yao ni kukataa.

"Mwanangu, Bi Maryamu ana sura nzima katika Kurani. Mimi nimfukuze mlangoni kwangu? Nikamwambie nini Mola wangu?"

Nieleze nini hapo? Tukavua viatu. Tukaketishwa kwenye mikeka, ikaja kahawa tungu kwenye vikombe vidogo, ikaja haluwa, yakaja mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Bwana Salim alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Niliwakanyaga watu wangu miguu chini kwa chini ili wasile sana, lakini Musyoka alijifanya mguu si wake.

Tulipoaga, Bi. Zuhura alinifungia kifurushi cha haluwa kwa ajili ya mwenye nyumba ya mwisho, maana haifai kwenda kwa mtu mkono mtupu. Kisha akanipa na fundisho. Hodi ni tatu, alisema. Ukipiga ya tatu usijibiwe, geuka urudi zako, mwenye nyumba ana haki yake. Nikasema ahsante, nikijua kwamba kwa mwendo huu shida yangu haitakuwa milango iliyofungwa.

Hurlingham, getini

Kutoka mjini tulipandisha kilima polepole hadi barabara ya Argwings Kodhek, Susu akiweka mwendo na sisi tukimfuata. Wapita njia walitutazama. Wengine walidhani ni mazishi, wakavua kofia.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bwana Kimeu, mtumishi wa serikali, mtu wa kwetu Kitui, anayekaa kwenye maghorofa. Tulikubaliana atakuwa amesimama nyuma ya geti dogo, atukatalie pale. Tukafika, tukaona kofia inachungulia kwenye tundu, tukaanza kuimba.

"Hapa hamuingii," sauti ikasema. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

Nilifurahi mno. Hatimaye mtu aliyejifunza. Tukaimba ubeti wa pili, ule wa kusema mama amechoka na njia ni ndefu.

"Nimesema hakuna kuingia. Mimi sina maneno mingi. Songeni mbali na geti."

Jamani, tulimpigia makofi. Musyoka alisema huyu angefaa awe kwenye runinga. Susu alinyoosha mkono akambariki kupitia tundu la geti. Hapo geti likafunguka kidogo na tukamwona mwenye sauti. Hakuwa Bwana Kimeu. Alikuwa soja, kijana mrefu aliyeshika rungu, ametutolea macho.

"Mama, mimi siigizi," aliniambia. "Mimi nalinda."

Bwana Kimeu alikuwa amesahau kumweleza. Alishuka mbio na ndara miguuni, na nyuma yake mkewe, amebeba sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, iliyofungwa kwa kitambaa. Nikamuuliza mkewe hiyo ni nini. Akasema hakulala vizuri akiwaza kwamba watu wa Mungu watatoka mjini kwa miguu, wafike kwake, waambiwe waende hivi hivi. Mumewe akitaka kukataa akatae, hayo ni ya wanaume. Yeye amepika.

Soja alipoelezwa tulikuwa nani, alisononeka kweli. Akasema tungemwambia mapema kwamba ni Yosefu, angefungua. Akatoa kiti chake cha plastiki, akampa Susu akae, akasimama kando yake kwa heshima zote. Nikawaza kwamba mtu pekee aliyetukatalia sawasawa tangu asubuhi sasa anaomba msamaha. Hapo nilianza kupandwa na hasira, nasema kweli. Safari yangu ilikuwa inaharibiwa na wema.

Lakini vilevile nilijisikia fahari. Huu ni mji ambao watu wanausema kwamba kila mtu na lwake, jirani hajui jina la jirani. Nilitafuta nyumba za kukataa, nikakosa. Ule muthokoi niliamuru ubebwe, usiliwe. Walinuna, wakabeba.

Satellite, mlangoni kwangu

Mvua ilitupata Dagoretti Corner. Haikuwa manyunyu. Tulijikinga kwenye kibaraza cha duka la mbao hadi ikapungua, tukaingia barabara ya Naivasha, ikaanza tena. Tulipofika Satellite, Susu alikuwa amelowa hadi kwenye kitambaa cha kichwa, na viatu vya Musyoka vilikuwa vinalia kila hatua.

Nyumba ya tatu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwachia Baba Mwende maagizo mepesi kabisa: asikie wimbo, aseme hakuna nafasi, asifungue. Mume wangu ni mtu mpole. Hata wauzaji wa mlangoni hawezi kuwaambia hapana, ndiyo maana nyumba yetu ina vichujio vya chai vya kutosha ukoo mzima.

Hatukumaliza hata ubeti wa kwanza. Alifungua mlango pande zote mbili. Ndani alikuwa amesogeza makochi, ametandika mikeka, ameweka jiko la makaa katikati na chupa za chai mezani. Joto lilitupiga usoni. Akasema tuingie haraka kabla hatujaugua.

Musyoka akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Mama Mwende, tumalizie hapa," alisema. "Nafasi iko, chai iko. Mutheu apigiwe simu, akuje na boda na hiyo chakula yake. Mtu hawezi kukasirika kwa sababu ya mvua."

Wote wakaitikia kwa vichwa, na niliijua ile kauli. Ndiyo ile ile ya zamu inaporukwa. Hakuna aliyemchukia Mutheu pale. Walikuwa wanamhurumia, na kwa huruma hiyo tu wangemvusha bonde tena na sufuria kichwani, aje alishe watu kwenye sebule ya mwingine, huku ploti yake nzima ikimwona anatoka na kile alichosema kitaliwa kwake. Nilimwona kabisa anavyotabasamu na kusema haina shida.

Nikaingia peke yangu. Nikampita mume wangu, nikageuka, nikasimama kizingitini na kuushika mwimo wa mlango.

"Hapa hakuna nafasi," nikasema.

Musyoka alicheka. Akaona sicheki, akaacha. Baba Mwende aliniita jina langu la nyumbani, lile analotumia nikiwa mgonjwa. Kwetu mwanamke hasimami mlangoni kuwazuia wageni, tena wageni waliolowa, tena mwenye mvi kati yao. Miaka yote pale mapokezi nimewaambia wasafiri tumejaa na nikaenda nyumbani nikalala. Siku ile, mbele ya watu ninaowapenda, na makochi yangu mwenyewe yakiwa matupu nyuma yangu, niliushika mwimo kwa mikono yote miwili.

"Samahani," nikaendelea. "Tumejaa. Iko nyumba mbele, huko wanawangoja."

Waliniangalia. Kisha Susu Kalekye akajipangusa maji usoni kwa kiganja.

"Hii sasa ndiyo posada," alisema, akaichukua fimbo ya Musyoka ukutani na kugeuka.

Mngetaka wafanye nini tena? Mzee kuliko wote akitangulia, kijana atabaki nyuma akiota moto? Niliwagawia sweta, leso, miavuli na mifuko ya plastiki ya kufunika vichwa. Muthokoi niliuacha mezani, maana kuingia kwa Mutheu na sufuria ya mwingine kungekuwa ni kumwambia hatuamini jiko lake. Haluwa tu nikaishika. Tulipofika kwenye kona nikasikia miguu nyuma yetu. Ni Baba Mwende, na mwavuli wake, amefunga nyumba.

Aliniambia kwamba ikiwa kwake hakuna nafasi, basi na yeye aende akatafute.

Kangemi

Tulipita Kawangware sokoni, tukashuka bondeni, tukavuka kijito, tukapanda upande wa pili tukishikana mikono kwenye utelezi. Njiani niliwahimiza. Nilikuwa nimejawa na hofu ya kwamba tumechelewa mno. Nilimpigia Mutheu simu, haikuingia. Katika bonde lile nilielewa kitu kimoja: yeye huipita njia ile kila wiki, kiangazi na masika, na hufika kwetu na viatu safi.

Giza lilikuwa linanyemelea tulipoingia kwenye ploti. Majirani walikuwa wametoka nje wote, mvua yenyewe ikiwa imebaki matone. Wamama walisimama kwenye milango yao na watoto mgongoni. Kulikuwa na mabenchi yamepangwa kwenye ujia, chini ya karatasi kubwa ya nailoni iliyofungwa kutoka paa hadi paa. Walituelekeza kwa macho hadi kwenye mlango wa bluu. Ulikuwa umefungwa.

Tukaimba. Sauti zilikuwa zimekauka lakini tuliimba beti zote, mara ya kwanza tangu asubuhi kuruhusiwa kuzimaliza. Nikapiga hodi. Kimya.

Nikapiga ya pili. Nilisikia harufu ya chapati, kwa hiyo alikuwemo. Kimya.

Nikapiga ya tatu, na nilipoipiga tu nikamkumbuka Bi. Zuhura. Mlango haukutikisika. Musyoka akaninong'oneza kwamba pengine amekasirika, na ana haki, tangu saa ngapi anangoja. Mume wangu akanishika bega. Nikaona kwamba kama amekasirika sitamlaumu, nitaweka haluwa kizingitini na tutarudi. Nilikuwa nimeinama kuiweka.

"Ni akina nani?"

Alikuwa Mutheu. Lakini haikuwa ile sauti tunayoijua, inayoomba radhi kabla ya kusema. Hii ilifika hadi mwisho wa ploti.

"Ni wasafiri," nikajibu.

"Mmetoka wapi?"

"Mjini. Kwa miguu."

"Na huko njiani mlikosa nyumba?"

Hilo halikuwa kwenye wimbo. Nilitazama nyuma, nikawaona wamelowa, wamechafuka matope hadi magotini, wananitazama mimi. Nikaamua kusema ukweli.

"Hatukukosa. Tulipewa kila mahali. Hatukukaa, kwa sababu tulikuwa tunakuja kwako."

Nikasikia hatua zikija hadi nyuma ya mlango.

"Rudia," Mutheu akasema. "Mama Ken wa pale mwisho hajasikia."

Nikarudia kwa sauti yangu yote, na Susu akarudia, na Musyoka, na Baba Mwende, tunapaza sauti kwenye ujia wa Kangemi kwamba tumetoka mjini kwa miguu, tumepita milango mitatu iliyofunguliwa, na tunakuja kwa Mutheu. Mama Ken wa pale mwisho akaitikia kwamba amesikia.

Ndipo mlango ulipofunguka. Mutheu alikuwa amevaa lile gauni lake la kijani la Pasaka, na mkononi ameshika mwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Karibuni kwangu," akasema.

Chumba kilijaa kwa watu wanne, sisi wengine tukakaa kwenye mabenchi nje pamoja na ploti nzima, na tulikula kuku na chapati hadi Musyoka akafungua mshipi. Haluwa ya Lamu ilizunguka mkono kwa mkono. Zamu za Januari zimeshapangwa na sala ya kwanza ni kwake, hivyo nyinyi mliokwenda ushago mje na viatu vya matope, mpige hodi, mngoje hadi awaulize mmetoka wapi.